Kijitu Nje ya Kisanduku

3 Machi

Mvua imeanza leo, na kengele ya getini imelia bila mtu. Mume wangu alitoka na mwamvuli, akarudi viatu vimejaa tope.

"Maji yameingia kwenye waya," akasema. "Mwaka jana nayo ilifanya hivihivi."

Kisha akainama kuvua viatu. Mwaka jana mvua ilipoanza dada yake alikuwa hai. Ilipokatika, alikuwa ameshazikwa.

Sina mazoea ya kuandika. Mambo ya kazini nilikuwa namwambia wifi tukirudi nyumbani, tukiwasengenya wanafunzi wetu mpaka mlangoni. Sasa sina wa kumwambia.

5 Machi

Katibu wa mkutano amepiga simu. Kila mwaka, mvua zikikaribia kuisha, wanakutana watu wanaoandika programu za kompyuta, wa benki, wa maji, wa umeme, na kwa miaka mingi mimi na wifi tulikuwa na darasa letu pale. Tunafundisha kuchora. Kabla hujaandika programu, unauchora kwanza mfumo wenyewe kwenye karatasi: kisanduku kwa kila sehemu, mshale kwa kila ujumbe unaotoka hapa kwenda pale. Wanafunzi wetu ni watu wazima wenye kazi zao, wengi wamesoma kuliko mimi. Mimi nina cheti cha madarasa ya jioni tu, mengine yote nilifundishwa na wifi. Lakini watu hao wana haraka. Wanaanza kujenga kabla hawajakubaliana wanajenga nini.

"Dada, najua ni mapema," Katibu akasema, "lakini darasa lenu linaulizwa sana. Nimekutafutia mwenza. Na mfano wa mwaka huu tumeshaupata, kuna kampuni inatengeneza kengele za wodini. Mgonjwa anabonyeza kitufe, nesi anaitwa. Wanataka kufunga nyingine mpya kwenye hospitali zote baada ya mkutano. Mchoro mtakaokubaliana darasani wanauchukua, wanaujenga kama ulivyo."

Nikasema sawa. Yeye hakujua, na sikumwambia.

Wifi walimkuta kitandani hospitalini na waya wa kitufe mkononi, kidole gumba bado kiko juu yake. Walituambia alikwenda usingizini. Mtu aliyelala habonyezi kitu. Hilo sijawahi kumwambia hata mume wangu, ingawa yeye ndiye aliyemfungua vidole.

9 Machi

Nimekutana na mwenza wangu mpya. Ofisini kwake wanamwita Bwana Saa, na mwenyewe anacheka akiitwa hivyo. Ni mtu mzuri, ana watoto wa kike watupu, anaongea upesi kama anayekimbizwa. Alikuwa amepanga somo zima kwa dakika.

"Shida yangu ni hapa tu," akasema, akiweka kidole kwenye mwanzo. "Hii 'watu kwanza' yenu. Inakula muda. Wanabishana, hawachori."

Watu kwanza ilikuwa ya wifi. Kabla ya kisanduku chochote alichora kijitu cha vijiti, kichwa kimeinama upande mmoja kama anayesikiliza, halafu akaligeukia darasa: "Huyu hapa anangoja. Ni nani? Na atajuaje kwamba amesikika?" Hapo ndipo watu wazima na tai zao walipokuwa wakigombana kama watoto, na yeye anakaa pembeni anamenya chungwa.

"Ikate," nikamwambia Bwana Saa.

"Una uhakika? Nilidhani utanila nyama."

"Ikate tu. Tuanzie kwenye kitufe."

Nilijisikia mwepesi njia nzima. Sitalazimika kukichora.

10 Machi

Mvua. Kengele imelia asubuhi na jioni. Hakuna aliyetoka.

17 Machi

Darasa la kwanza la majaribio kabla ya mkutano, katika chumba cha mafunzo cha benki. Paa la bati, mvua, tunaongea kwa kupiga kelele. Bwana Saa alieleza, mimi nikazunguka mezani kwa makundi. Walifanya kama tulivyotaka: kitufe, mshale, seva inayopokea, mshale, kioo cha kompyuta kwenye meza ya manesi. Kisanduku kikubwa kimezunguka vyote, na sehemu ya mwisho imeandikwa "Imetumwa". Safi kabisa.

Wakati wa kubandika karatasi ukutani niliona kijitu. Kilikuwa pembeni kabisa, karibu na ukingo wa karatasi, nje ya kisanduku. Hakuna mshale unaotoka kwake wala unaokwenda.

"Huyu nani?" nikauliza.

Walitazamana. "Si wewe?" mmoja akamwambia mwenzake. "Mimi nilikuwa na kalamu nyekundu." "Basi ni bosi." Bosi akasema yeye hajui kuchora hata yai. Wakacheka, nami nikacheka nao.

Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande.

18 Machi

Kufua, lakini hakuna kinachokauka. Kengele.

24 Machi

Jaribio la pili, watu wa maji. Ofisi nyingine, upande mwingine wa mji, hawajuani na wale wa benki. Safari hii makundi yote yalikuwa nacho. Kila karatasi, kijitu kimoja. Hakipo tena ukingoni. Kimesogea.

Bwana Saa alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Kuna mtu anatuchezea," akasema. "Wamepigiana simu na wale wa benki."

"Kwa faida gani?"

"Watu wa kompyuta hao, shemeji. Wakikosa kazi wanatafuta utani." Siku hizi ananiita shemeji, nami nimemzoea. Lakini alizikusanya kalamu zote akazitia mfukoni mwake, akazihesabu tena kwenye gari.

Nilimuuliza mama mmoja wa lile kundi la dirishani, taratibu, kama ni yeye. Akasema, "Nilipoinama kuchora kilikuwepo. Nikadhani karatasi mmeigawa hivyo."

Niligawa mwenyewe zile karatasi. Zilikuwa nyeupe.

25 Machi

Chakula cha jioni, kengele ikalia. Mume wangu akaendelea kula. Mimi nikaongeza mchuzi. Mama mkwe, anayeishi nasi, akaweka kijiko chini.

"Mbona hamfungui?"

"Ni maji tu, mama," mume wangu akasema. "Waya umeingia maji."

"Mwanangu, mara hii ni maji. Na mara ile ya jana?"

"Nayo ni maji."

"Mmeshajuaje na mmekaa?"

Mume wangu akaomba chumvi. Mama alimzaa wifi akiwa binti mdogo sana, wakawa kama ndugu, wakivaliana nguo. Wifi akifika nyumbani alikuwa na tabia ya kubonyeza mara moja, kirefu, bila kuachia, mpaka mtu apige kelele "Tumesikia!" Ndipo anaachia, anaingia anacheka. Mume wangu alikuwa anamtukana kwa hilo kila wiki.

2 Aprili

Mume wangu amefungua kifuniko cha kengele akaizungushia kitambaa. Sasa inalia kama mdudu aliyenaswa kwenye chupa. "Angalau isitusumbue," akasema. Nikamshukuru.

7 Aprili

Jaribio la tatu na la mwisho. Bwana Saa aliamua tusitumie karatasi wala kalamu. Watu wa umeme wakachora kwenye laptopu zao, kila mtu na yake, na yeye akasimama nyuma yao akiwaangalia mikono. Mimi pia niliangalia. Hakuna aliyechora mtu.

Tulipoziweka kwenye projekta, moja baada ya nyingine, watu wakasogeza viti mbele. Kijitu kilikuwa kimefika kwenye ukuta wa kisanduku, kimeugusa. Na safari hii mkono wake mmoja ulikuwa umeinuliwa, umenyooka, mwisho wake uko juu ya kitufe.

"Nani kaweka hicho?" Bwana Saa akauliza. Sauti yake haikuwa ya utani.

Kijana mmoja akajaribu kukifuta pale pale mbele yetu. Kikafutika bila tabu. Bwana Saa akapumua. Tukaja kwenye laptopu iliyofuata, nacho kiko pale.

Kwenye gari hakuongea upesi kama kawaida yake. "Shemeji," akasema mwishoni, "mimi si mtu wa mambo haya. Lakini unajua kitu kuhusu huyo mtu?"

"Hapana," nikasema.

Nilimwambia uongo kwa sababu kama ningesema jina la wifi kwa sauti mle garini, nilihisi angeitika.

12 Aprili

Lazima niandike hili lote leo.

Mchana mbingu zilifunga, giza likaingia kabla ya wakati wake. Tukawasha taa. Mume wangu alikuwa anatazama mpira. Mimi nilikuwa mezani napanga michoro ya mkutano. Mama mkwe nilidhani yuko chumbani amelala. Hakuwa amelala. Mvua ilipopungua kidogo alikuwa ametoka kwenda kwa jirani kurudisha sufuria, na geti likajifunga nyuma yake. Ufunguo hakuchukua, yeye huwa hachukui, maana sisi tupo.

Mvua ikarudi kwa nguvu. Kengele ikalia ndani ya kitambaa chake.

Niliisikia. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa: niliisikia kila ilipolia. Safari moja ilikuwa ndefu, bila kuachia. Mume wangu akasema, "Leo waya umelewa," akaongeza sauti ya televisheni. Mimi nikacheka. Nikachora mshale kutoka kwa seva kwenda kwenye kioo.

Aliyetuita ni jirani, kwa kupiga bati la geti kwa jiwe. Mama alikuwa ameketi chini kwenye maji, mgongo umeegemea ukuta, mkono mmoja bado juu kwenye kitufe. Nguo zimemganda. Midomo imebadilika rangi. Mume wangu alimbeba kama mtoto, machozi na mvua vikichanganyika usoni.

Daktari anasema ni kifua. Anasema tungechelewa kidogo zaidi asingekuwa na la kutuambia. Wamemlaza. Wodi ina kengele, waya wake unaning'inia kando ya mto. Nimekataa kuondoka.

13 Aprili

Amefungua macho. Alinitambua.

"Nilijua mpo," akasema. "Taa niliiona."

Nilipiga magoti nikaweka uso kwenye shuka lake. Akanipapasa kichwa.

"Usilie, mwanangu. Sikuwa peke yangu."

"Jirani alikufikia, mama."

"Kabla ya jirani. Kulikuwa na mwenzangu pale ukutani. Amelowa kuliko mimi. Akanipisha. Akaniambia, bonyeza wewe mama, mimi nimechoka."

Mume wangu alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Alisikia. Aliiweka chai chini polepole sana, akatoka nje kwenye veranda, akakaa huko muda mrefu.

14 Aprili

Kengele ya kitanda kilicho karibu na cha mama imelia yenyewe leo, mgonjwa kalala fofofo. Nesi hakuinua kichwa. Ni binti mpole, ndiye aliyemlisha mama uji. "Hizi zikipata unyevu hulia ovyo," akaniambia. "Tumezizoea."

Sikuweza kumkasirikia. Mimi pia nilikuwa nimezoea.

Sijui kama ndivyo ilivyokuwa kwa wifi. Hakuna atakayeniambia. Lakini sasa najua inavyokuwa kwa upande wa ndani, kwenye taa, penye ukavu.

20 Aprili

Mama yuko nyumbani. Mume wangu ametoa kitambaa, amenunua waya mpya na kuupitisha ndani ya bomba. Alipomaliza alibonyeza mwenyewe, mara moja, kirefu. Nikapiga kelele kutoka jikoni, "Tumesikia!" Akaachia. Hakuingia mara moja.

29 Aprili

Nimemweleza Bwana Saa yote: wifi, waya mkononi, mama, kitambaa. Nilitegemea atanionea huruma tu. Alichukua ratiba yake ya dakika, akaikunja, akaikalia.

"Kwa hiyo ile hatua niliyokata," akasema.

"Tulikata wote."

"Na michoro yote inaishia 'Imetumwa'. Nimeitazama miezi miwili, sikuona ubaya wake."

"Kwetu nyumbani pia ilitumwa," nikasema. "Ilifika mpaka kwenye chakula."

Katibu hataki kuongeza muda ili turudishe ile hatua. Bwana Saa amempigia simu, nimemsikia: "Basi punguza wangu. Hotuba yangu waisome kwenye karatasi." Bwana Saa huyo huyo.

6 Mei

Siku ya mkutano. Ukumbi umejaa, viti vya plastiki, mafeni yanazunguka bila kuleta upepo. Kampuni ya kengele ilikuwa na meza yake mbele, na kiongozi wao ni mwanamke mwenye sauti ya chini, wenzake wanamwita Fundi Mkuu. Alikuwa na mchoro wao tayari, umechapwa kwa rangi, na Bwana Saa alikuwa ameunakili ubaoni. Kitufe, seva, kioo. Imetumwa.

Zamu yangu ilipofika nilibaki kitini. Bwana Saa aliniwekea kalamu mkononi kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto. "Nenda, shemeji. Mimi nipo nyuma yako."

Nikachora kichwa. Nilitaka kukichora kimenyooka, kiwe changu. Mkono ulikiinamisha upande wenyewe. Nikachora mwili, miguu, mkono ulioinuliwa. Nyuma yangu nilisikia watu wa benki, wa maji, wa umeme wakinong'onezana. Walikuwepo wote. Walikuwa wanamfahamu.

Nikageuka. "Huyu hapa anangoja," nikasema. "Ni nani? Na atajuaje kwamba amesikika?"

Ikazuka vurugu kama zamani. Ni mgonjwa! Hapana, anaweza kuwa mtu aliyemsindikiza. Ataona taa ya kitufe imewaka. Taa inamwambia kitufe kinafanya kazi, haimwambii mtu anakuja! Mtu wa maji akasimama juu ya kiti. Bwana Saa akataka kutazama saa, akauficha mkono.

Fundi Mkuu akainua mkono. Watu wakatulia.

"Kengele zetu za sasa zina kasoro ya unyevu," akasema. "Hulia bila mtu. Manesi walilalamika. Sisi tulifanya nini? Tukapunguza sauti." Akautazama mchoro wake wa rangi. "Na hizi mpya tumeweka kitufe cha kupunguza sauti kabisa, ili wasilalamike tena. Tulijisifu kwa hilo."

Hakuna aliyecheka.

"Waya utatengenezwa," nikamwambia. "Lakini mtu aliyezoea kutosikia, je?"

Alikuja mbele mwenyewe. Akachukua kitambaa cha ubao, akafuta "Imetumwa". Akavuta mshale mrefu kutoka kwenye kioo, ukapita kwa nesi, ukatoka nje ya kisanduku, ukarudi mpaka kwa kijitu. Kengele isinyamazishwe mezani, akaeleza. Inyamazishwe kitandani tu, na mtu aliyesimama pale. Ikikosa kufikiwa, iende kwa mwingine, na kwa mwingine, mpaka afike mtu. Mwisho wa mshale akaandika: "Amefikiwa".

"Hatufungi hata moja mpaka iwe hivi," akawaambia wenzake. Mmoja akaanza habari za tarehe. Akamtazama tu, naye akakaa.

Makundi yakachora upya. Nilipita meza hadi meza, kisha ukutani karatasi kwa karatasi. Kila kijitu nilichokiona kilikuwa na mwenyewe: "Huyo nimemchora mimi," "wangu huyo, miguu imepinda." Vichwa vyote vilikuwa vimenyooka.

Nilirudia kuzunguka. Niseme ukweli, nilikuwa namtafuta. Hakuwepo.

Ukumbi ulipokwisha watu alibaki mama wa usafi na ndoo yake. Alikuwa ameshafuta ubao wote, visanduku na mishale, akaishia kwa yule niliyemchora mimi.

"Huyu nimfute, au mnamhitaji?"

Nilimtazama kwa muda. Kichwa upande, mkono juu.

"Mfute tu, mama," nikasema. "Ameshaitikiwa."

19 Mei

Mvua imekatika. Tope limeanza kupasuka uani, nguo zimekauka, mama ametoa kiti nje aote jua na anagombana na mume wangu kuhusu sweta.

Mchana tulikuwa tunakula sote watatu. Mbingu ni bluu, waya ni mpya, uko ndani ya bomba. Kengele ikalia. Mara moja, kirefu, bila kuachia.

Hakuna aliyesema ni maji. Tuliinuka wote pamoja, mama naye kashika meza, mume wangu kiti kikaanguka nyuma yake. Nami nikapiga kelele, "Tumesikia!"

Ikaachia.

Nilifika wa kwanza. Njia ilikuwa tupu pande zote mbili, vumbi halijaguswa. Nilifungua geti hata hivyo, nikaliacha wazi kwa nafasi ya mtu kupita. Nikangoja kiasi cha mtu kuvua viatu. Halafu nikalifunga taratibu, nikarudi ndani, na mama alikuwa ameshaweka sahani nyingine.